Jengo la abiria la Singida lisiwe alizeti ya zege

Treni ya umeme ya SGR ilipozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, watu walipata jambo la kubishania mbali na nauli na mwendo: sura za stesheni. Ya Dar es Salaam imechukua umbo la tanzanite. Ya Morogoro imefuata mgongo wa milima ya Uluguru, na ya Dodoma imeiga vilima vya mawe vilivyouzunguka mji. Wapo waliozisifia na wapo walioziita mbwembwe, lakini wote walikuwa wakizungumzia usanifu wa jengo la umma, mada ambayo kwa kawaida huachiwa wahandisi na wenye mihuri.

Reli hiyo imeshaufikia mkoa wa Singida. Makutupora, kinakoishia kipande kitokacho Morogoro, iko wilayani Manyoni, na kutoka hapo njia inaelekea Tabora. Angani nako kuna mipango. Kiwanja cha ndege cha Singida kimo katika orodha ya viwanja 11 ambavyo Serikali ilivitafutia upembuzi yakinifu na usanifu, sambamba na Iringa, Musoma, Tanga, Songea, Njombe, Lindi, Kilwa Masoko, Moshi, Ziwa Manyara na Simiyu. Kwa miaka mingi mkazi wa Singida mjini mwenye haraka amekuwa akipanda basi stendi ya Misuna hadi Dodoma, kama kilomita 240, ndipo akutane na ndege.

Kiwanja cha namna hiyo kikitajwa, macho ya wengi hukimbilia njia ya kuruka na kutua: urefu wake, lami yake, taa zake. Ni sawa, ndege haitui kwenye utambulisho. Ila jengo la abiria ndilo linalobaki machoni pa wenyeji na wageni kwa miaka 40 au 50, na mara nyingi ndilo linaloamuliwa mwisho, mbio mbio, na mtu ambaye huenda hajawahi kulala Singida hata usiku mmoja.

Hatari ya kwanza ina rangi ya njano. Mtajie mtu Singida, atajibu alizeti kabla hujamaliza. Ana haki. Alizeti imesomesha watoto na kuezeka nyumba bati Iramba, Ikungi na Mkalama, na kando ya barabara kuu ya kwenda Mwanza madumu ya mafuta yamepangwa yakimeremeta juani. Kwa hiyo msanifu aliyepewa wiki chache atachora ua: paa lenye petali za bati la njano, duara jeusi katikati, na kurasa mbili za maelezo kwamba jengo linaakisi utamaduni wa wenyeji. Litakuwa limeakisi zao la biashara tu, tena lenye asili ya Amerika Kaskazini. Mkulima wa alizeti hastahili kubezwa, lakini picha ya zao si jengo, na abiria anayesubiri ndege saa nane mchana chini ya petali ya bati atatokwa jasho vilevile.

Tanzanite ya Dar es Salaam ina kasoro ya ukoo huohuo. Madini hayo yanachimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, mbali kabisa na Bahari ya Hindi. Kama nembo ya taifa yanakubalika. Lakini anayeshuka pale kwa mara ya kwanza haambiwi neno kuhusu mji alioufikia: bahari, bandari, baraza, mikungu na minazi. Stesheni ya Dodoma imejipa kazi ngumu zaidi, na yenye heshima zaidi, ya kuzungumza na vilima ambavyo abiria anaviona akigeuza shingo.

Nembo zina tatizo jingine, nalo ni swali la utamaduni wa nani. Singida si ya kabila moja. Kuna Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo wa Manyoni, Wataturu, Wasukuma waliofika na ng'ombe wao, na Wahadzabe wa Mkalama. Chagua ngoma ya mmoja, wengine watauliza yao iko wapi. Wapambaji wa kuta nao hupenda kukimbilia picha ya Mhadzabe na upinde wake, kwa sababu inauzika kwa watalii. Mara chache mwenye sura huulizwa, na mara chache zaidi hulipwa.

Kipo hata hivyo kitu ambacho sehemu kubwa ya watu wa kanda hii ya kati walikijenga, kila mmoja kwa namna yake: tembe.

Tembe husimama juu ya nguzo zenye panda. Kwenye panda hulazwa miti mizito, juu yake fito zilizopangwa karibu karibu, kisha matawi na majani, na mwisho udongo uliokandwa, unene wake ukitosha kumbeba mtu. Paa ni bapa. Mama hupanda juu kuanika mtama, uwele au vipande vya maboga, na vibuyu hukaukia hapohapo. Kuta ni fupi na nene, mlango unamlazimisha mgeni kuinama. Mchana wa Oktoba ndani kuna ubaridi. Usiku wa Julai, upepo unapovuma kati ya majabali, ndani kuna joto. Nyumba hizo zilishaafikiana na mambo mawili ambayo majengo mengi mapya ya mkoa huu yanapigana nayo kila siku: upepo mkali, na jua la miezi mirefu isiyo na tone la mvua.

Hakuna anayeomba abiria wainame mlangoni. Tembe ilivuja wakati wa mvua, ilikuwa na giza, mchwa walikula nguzo zake. Bati lilipokuja watu hawakuhitaji kubembelezwa, na uhamisho wa vijiji vya ujamaa wa miaka ya 1970 uliharakisha mambo. Kinachofaa kuchukuliwa ni akili yake: jengo refu kwa mlalo na fupi kwa kimo, kuta nene, veranda pana inayokata jua kabla halijagusa ukuta, milango inayoupa mgongo upepo wa mashariki, na ua wa katikati ambako mtu anaweza kukaa bila kupigwa na vumbi.

Na jiwe. Pembezoni mwa mji wa Singida utawakuta watu wanaowasha moto juu ya jabali ili lipasuke, kisha wanagonga kokoto kwa nyundo, wengi wao wanawake, na kuuza kwa ndoo. Mji mzima umelala juu ya granite. Bila uamuzi wa makusudi, jiwe hilo litasagwa na kupotelea ndani ya zege, huku kuta zikifunikwa kwa vigae na paneli za alumini zilizosafiri baharini wiki kadhaa. Ukuta wa mawe yaliyochongwa na mafundi wa hapo ungekuwa na sura ya Singida hata kama msanifu hajaandika sentensi moja kuhusu utamaduni.

Jambo hili limeshafanyika kwingine, kwa fedha kidogo kuliko za kiwanja cha ndege. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alikijengea kijiji chake shule ya msingi iliyokamilika 2001. Alitumia matofali ya udongo yaliyofyatuliwa na wanakijiji, akainua paa la bati juu ya dari ili hewa ya moto itoroke katikati. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan mwaka 2004, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa kuliko zote katika fani yake. Hakuwaambia watu wa Gando warudi kwenye nyumba za mababu. Alichukua udongo waliokuwa wanaudharau, akaufanyia hesabu.

Mahujaji wa Tanzania waliopitia Jeddah wanaujua mfano mwingine, pengine bila kuutilia maanani. Jengo la mahujaji katika kiwanja cha Mfalme Abdulaziz, lililofunguliwa mwaka 1981, limefunikwa kwa mahema makubwa 210, na pande zake ziko wazi. Hema ni makazi ya kale ya jangwa lile, lakini pale halikuwekwa kwa ajili ya picha. Linatoa kivuli kwa umati, na umbo lake linapandisha hewa ya moto itoke juu. Ukiling'oa, jengo halifanyi kazi. Hiki ndicho kipimo kizuri cha mapambo yote yatakayopendekezwa Singida: likiondolewa, kuna kitakachoharibika?

Tanzania yenyewe ina jengo linalofaulu kipimo hicho. Soko la Kariakoo la miaka ya 1970 lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa nchini. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo. Hewa inapita, muuzaji yuko kivulini, na miavuli ilibuniwa ikinge mvua na kuikusanya. Hakuna ngao wala mkuki uliochorwa ukutani. Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza, nchi nzima ililijua kwa umbo lake kwenye picha za kwanza tu. Katika mkoa ambao mvua ni ya msimu mmoja, paa la jengo la abiria lenye ukubwa wa nusu uwanja wa mpira ambalo halikusanyi maji litakuwa limekosa adabu.

Wenye mashaka husema kampuni za kigeni huja na michoro ya kigeni, na hakuna la kufanya. Kazi za mtu mmoja zinawajibu. Mfaransa Paul Andreu ndiye aliyechora jengo la kwanza la abiria la Charles de Gaulle, Paris, lililofunguliwa 1974: duara zito la zege lenye mirija ya vioo inayokatizana katikati, kila mrija ukibeba abiria kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Mwaka 1985 kiwanja cha Soekarno-Hatta cha Jakarta, Indonesia, kilianza kazi, nacho ni cha Andreu huyohuyo. Kule abiria wanasubiri kwenye mabanda yenye mapaa ya mtindo wa nyumba za Kijava, na kati ya banda na banda kuna bustani. Bustani zile zilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 1995. Mchoraji hakubadilika, kilichobadilika ni mahali, na alichotaka mwenye kazi. Na ni Andreu huyo aliyechora Jengo la Pili la Abiria la Dar es Salaam la mwaka 1984, ambalo Watanzania wengi wamelipita bila kujua limetoka kwenye mkono uleule.

Kwa hiyo lawama haziwezi kuishia kwa mgeni. Mteja asiyejua anachotaka hupewa kilichopo kwenye kabati. Jengo la Tatu la Dar es Salaam, lililozinduliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, ni kubwa, safi na linapitisha watu vizuri. Lakini mtu akiamshwa usingizini ndani yake bila kuambiwa yuko wapi, itabidi asome vibao.

Kwenye mikoa, kishawishi cha kabati ni kikubwa zaidi kwa sababu miradi huja kwa mafungu. Viwanja vya Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga viliwekwa katika mpango mmoja wa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kifedha ni busara, kwani majadiliano yanafanyika mara moja. Kiusanifu, fungu moja linavuta kuelekea mchoro mmoja unaobadilishwa kibao cha jina tu. Kilwa Masoko yenye chumvi hewani na Njombe yenye ukungu na baridi zikipewa jengo lilelile na Singida, angalau mbili kati ya hizo tatu zitakuwa zimedhulumiwa.

Singida ina bahati ya udogo. Ndege inayofaa viwanja vya aina hii ni kama Dash 8 Q400 za Air Tanzania, zenye viti 76. Hata mbili zikikutana uwanjani, waliomo hawajai mabasi matatu. Hakuna haja ya ghorofa, ngazi za umeme wala madaraja ya kupandia ndege; abiria watatembea kwa miguu hadi kwenye maegesho. Paa linaweza kukaa chini, jiwe linaweza kubeba uzito, na fundi wa Singida anaweza kulikarabati bila kuagiza kifaa ng'ambo. Viwanja vikubwa havina uhuru huo.

Kisha kuna jambo ambalo michoro ya kawaida huwa hailijui kabisa: kusindikiza. Anasafiri mmoja, wanakuja wanane. Mzee anakwenda Muhimbili kwenye matibabu. Yupo mkewe, wajukuu, jirani mwenye gari, na mjomba ambaye hakualikwa ila hawezi kukosa. Hesabu za wasanifu huanzia kwa mwenye tiketi. Waliobaki huzuiwa mlangoni kwa sababu za kiusalama, wakasimama kwenye maegesho ya magari juani, wakichungulia kwenye waya. Usalama una sababu zake na hakuna wa kubishana nao. Lakini nje ya mlango huo kunaweza kuwepo ua wenye miti, mabenchi, choo, bomba la maji na mahali pa kuiona ndege ikipaa. Hilo ni suala la utamaduni kuliko ukili wowote utakaochorwa sakafuni.

Mizigo nayo ina desturi yake. Mtu wa Singida hafiki kwa ndugu mikono mitupu; kuna dumu la mafuta, asali ya Manyoni au Itigi, gunia dogo la vitunguu. Mafuta na asali huzua ubishi kila mara kwenye mizani na mashine ya ukaguzi. Meza moja ya kufungasha, yenye vifungashio visivyovuja na mtu anayejua kanuni, ingeokoa machozi mengi. Dukani vilevile: maduka ya viwanja vyetu huuza michoro ya Tingatinga na vinyago vya Kimakonde kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine, utadhani Tanzania ina sanaa mbili tu. Edward Said Tingatinga alitoka Tunduru na kuchorea Dar es Salaam. Wamakonde ni watu wa kusini. Wapewe heshima yao, ila rafu za Singida zianze na vikapu, vibuyu na asali ya Singida.

Jina halina gharama yoyote. Uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa Liti, kwa kumbukumbu ya Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliwatumia nyuki kuwakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wenye mpira wameshaonyesha njia. Simulizi hiyo ikiandikwa vizuri kwenye ukuta wa ukumbi wa kusubiria, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza baadaye, itasomwa na watu wenye saa nzima ya kupoteza, ambao ndio wasomaji bora duniani. Mizinga yenyewe, bila shaka, ibaki Manyoni.

Tahadhari hiyo si mzaha mtupu. Kiwanja cha ndege kina sheria zake na utamaduni hauwezi kuzipuuza. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo mjini, huvutia heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, na ndege wa porini karibu na injini ni hatari. Bustani ya alizeti mbele ya jengo ingewaalika ndege wala mbegu kwa makundi. Bwawa la mapambo lingefanya vivyo hivyo. Bati linalong'aa linaweza kumpiga rubani machoni. Heroe akae kwenye mchoro wa ukutani, na paa liwe na rangi ya udongo, jambo ambalo tembe ilishalijua.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la fedha. Vipo vijiji vya mkoa huu vinavyofuata maji mbali, na mwananchi wa huko ana haki ya kuuliza kwa nini ukuta wa kiwanja cha ndege uchongwe jiwe moja moja. Ajibiwe kwa hesabu. Ukuta mkubwa wa kioo unaotazama magharibi katika jua la Singida unahitaji viyoyozi tangu asubuhi hadi jioni, kwa miaka yote ya uhai wa jengo. Jiwe nene na veranda hulipiwa mara moja. Fedha ya mchonga mawe inabaki Singida, ya paneli za alumini inavuka bahari. Kinachogharimu kweli ni umbo la ajabu ajabu, lenye chuma kilichopindwa na vioo vya vipimo visivyo vya dukani, yaani ile alizeti ya zege.

Michoro iliyoandaliwa kwa viwanja vile 11 si msahafu. Inaweza kupitiwa upya kabla ya zabuni kutangazwa, na huo ndio wakati pekee wenye maana, kwa sababu mkandarasi hujenga kilichomo kwenye jedwali la vifaa na bei, hajengi hotuba ya ufunguzi. Kama jedwali linasema vigae, vitawekwa vigae. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ingeweza kuwapa walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi kazi ya kupima tembe zilizosalia mkoani kabla hazijaanguka zote, na bodi ya wasanifu majengo ikaandaa shindano la wazi la sura ya jengo. Michoro mitatu bora ibandikwe stendi ya Misuna, sokoni na katika ofisi za wilaya kuanzia Manyoni hadi Mkalama, kwa mwezi mzima, pakiwa na mtu wa kuwafafanulia watu upi ni mlango, upi ni ua, na wasindikizaji watakaa wapi.